Kuizima Facebook bila kuifuta: uzoefu wangu Kisumu

Mimi ni fundi cherehani katika soko la Kibuye, Kisumu, na kwa muda mrefu nimekuwa nikipima kama nibaki katika mitandao ya kijamii au nijiondoe. Nilichokitaka ni jioni zangu. Mitandao hii imeundwa ili anayeperuzi asifikie mahali pa kusimama, na saa nilizokuwa nikiipa baada ya kufunga kibanda zingetosha kukata gauni na kuanza kulishona.

Facebook inampa mtumiaji njia mbili za kuondoka, na inafaa kuzitofautisha kabla ya kubonyeza chochote. Ukiizima akaunti, watu hawauoni tena wasifu wako, lakini unaweza kuendelea kutumia Messenger, na siku utakapoingia tena utavikuta vitu vyako ulivyoviacha. Ukiifuta, una siku 30 za kughairi. Zikipita, hakuna kurudi, na kuondolewa kwa data yote kunaweza kuchukua hadi siku 90. Mfanyabiashara ana jambo jingine la kuangalia, nalo halionekani upesi: ikiwa wewe ndiwe msimamizi pekee wa ukurasa wa biashara, ukurasa huo utazimika pamoja na akaunti yako. Kwa hiyo nilimweka kwanza dada yangu kuwa msimamizi wa pili, nikapakua nakala ya picha zangu zote za mishono, kisha nikaizima yangu.

WhatsApp sikuigusa, na sababu yake ninaithamini kuliko biashara. Huku kwetu, mtu akifariki, kundi la ukoo hufunguliwa usiku huohuo, mhazini huchaguliwa, nambari ya M-Pesa hutolewa, na orodha ya waliochanga husomwa na jamaa walioko Siaya, Nairobi na hata ng'ambo. Aliye nje ya kundi huenda akapata habari mwili ukiwa umeshatoka mochari, na kukosa kumzika mtu wako ni jambo ambalo pole ya baadaye hailifuti. Wanaotushauri tujitoe kila mahali kwa pamoja hawaupimi uzito huo, nami siwezi kuufuata ushauri wao.

Jioni nimezipata. Wateja wa kudumu hunitumia picha ya mshono wanaoutaka kupitia WhatsApp Business, ambayo ni programu ya bure yenye nafasi ya kupanga bidhaa na bei. Wateja wapya, hata hivyo, wamepungua, kwa kuwa dada yangu ana kazi zake na hapakii picha mara nyingi. Anayeanza biashara, ambaye bado anategemea watu asiowajua, simshauri aizime sasa. Yangu itabaki imezimwa hadi Desemba, watu wanaporudi nyumbani na maagizo ya nguo za harusi yanapoongezeka. Hapo nitaifungua, nipakie mishono ya mwaka huu, na Januari niizime tena.