CN22 au CN23 kwa chipu za poka?

Ukituma kwa posta nje ya nchi chipu za poka, yaani vile visahani vinavyotumika badala ya pesa kwenye mchezo huo wa karata, utakutana na fomu hizi mbili za forodha. Ni za Umoja wa Posta Duniani, na kinachozitenganisha hasa ni thamani na aina ya kifurushi. CN22 ni kibandiko kidogo cha pakiti nyepesi, zisizozidi kilo 2 na thamani ya SDR 300, kile kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Chipu kumi za mkusanyaji zinaenea humo bila shida. Seti nzima ni habari nyingine: chipu moja huwa na gramu kumi hivi, kwa hiyo mia mbili tu zinagusa kilo 2. Hapo ni CN23, karatasi kubwa yenye nafasi ya anwani za pande zote mbili, simu ya mpokeaji na ankara ya kuambatisha.

CN23 inachosha kujaza, lakini kwa chipu adimu mimi ningeichagua hata pale CN22 inaporuhusiwa, ikiwa posta itakubali. Sababu ni maelezo. Ukiandika "chipu za kasino, $100" kwenye kibandiko, ofisa anaweza kudhani unatuma pesa. Kwenye CN23 utapata nafasi ya kuandika "chipu za poka za kukusanya, za udongo, hazibadilishwi kwa fedha" (kama kweli hazibadilishwi), pamoja na msimbo wa forodha wa aina hiyo ya bidhaa, 9504.90.

Thamani ni bei uliyouzia, si namba iliyochapwa kwenye chipu. Na mzigo uliouzwa usiuwekee alama ya zawadi, hata mnunuzi akikubembeleza.