Tahadhari wenye Canter Dodoma: wili silinda "mpya" zilizopakwa rangi

Wakuu, kabla hujalipia wili silinda dukani (kile kichuma ndani ya gurudumu chenye pistoni inayosukuma viatu vya breki kwa nguvu ya mafuta), funua ile raba ya vumbi kwa kidole, sukuma pistoni, chungulia ndani. Mimi sikufanya hivyo na nusura nilale korongoni. (Wenye malori ya breki za upepo mtupu, yasiyotumia mafuta ya breki, hii haiwahusu.)

Canter yangu ilianza kuvuja gurudumu la nyuma kulia. Fundi wa Kizota akafungua drami, tukakuta mafuta ya breki yamelowesha viatu vyote. Akasema ukibadilisha upande mmoja, badilisha na wa pili. Ya kwangu ina silinda mbili kila gurudumu la nyuma, kwa hiyo nne. Hesabu ikanitoa jasho, nikaanza kutafuta bei nafuu.

Nikaelekezwa duka moja, silitaji. Boksi jipya, nailoni haijaguswa, silinda inang'aa rangi ya fedha. "Orijino kabisa bosi wangu, ya Japani hiyo." Bei karibu nusu ya kwingine kote nilikoulizia. Nikaomba risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), kijana akasema mashine haina mtandao, akanichania kikaratasi kisicho hata na jina la duka. Nilipaswa kugeuza palepale, lakini bei ilishanilevya.

Zikafungwa, upepo ukatolewa kwenye mafuta ya breki, pedeli ikasimama vizuri. Wiki mbili shwari. Kisha nikatoka Iringa na viazi. Nashuka Nyang'oro kuja Mtera, kila nikikanyaga gari linavuta kushoto, mara pedeli ikazama mpaka chini. Kilichoniokoa ni gia ya pili na breki ya eksozi, na mkono wa breki nilioung'ang'ania kama mtu anayezama. Tulisimama utingo ameshafungua mlango tayari kuruka.

Fundi alipozipasua tukaona mambo. Ndani kuna vishimo vya kutu vilivyosuguliwa kwa msasa, juu yake wamevalisha raba mpya. Raba haizibi kishimo hata iwe mpya kiasi gani: inapita juu yake, inachanika, mafuta yanatoka. Ni mtumba umeoshwa, ukapulizwa rangi, ukatiwa kwenye boksi.

Na silinda moja ya kulia ilikuwa na kipenyo cha ndani cha inchi 1⅛ wakati nyingine zote ni 1¼. Kwa macho huwezi kugundua, ni milimita 28.6 kwa 31.75. Lakini kwa presha ileile ya mafuta, hiyo ndogo inasukuma kiatu kwa nguvu pungufu karibu moja ya tano. Changanya na viatu vya kulia vilivyoloa, ndiyo maana gari lilikuwa linakimbilia kushoto.

Sasa dalili kubwa ninazoangalia. Namba ya kipimo kwenye chuma isomeke, ifanane na ya zamani uliyoenda nayo mkononi, kwani boksi halisemi kitu. Hizi zangu namba zilikuwa zimekwanguliwa kwa jiwe. Rangi ikiwa imeingia mpaka kwenye nyuzi za nati ya kutolea upepo, jua imepulizwa mtaani. Alama za spana kwenye nati, mwachie mwenyewe. Na ukishanunua ya kweli usimruhusu mtu aioshe kwa dizeli au petroli. Raba za mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 zikikutana na hivyo zinavimba.

Nilizirudisha. Jibu: "Fundi wako kakosea kufunga, na bidhaa ikishauzwa hairudi." Bila risiti nitamshtaki kwa lipi? Wenye risiti, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, msizitupe silinda zenu.

Zangu zote nne ziko gereji kwenye ndoo. Anayejua duka hapa mjini linalotoa EFD na kukubali ufunue raba mbele ya muuzaji alitaje, bado natakiwa kununua silinda za mbele.