Anime ya kwanza kwa mtu mzima: mwekee Monster, kisha nyamaza

Haya, karibuni tena. Kwa mgeni, hapa tunachambua anime, yaani filamu za kuchorwa za Kijapani, kwa Kiswahili, na kuanzia wiki hii tunakuwa hewani Jumamosi saa mbili usiku. Ijumaa tumeiacha, wengi mmelalamika mko njiani mnarudi nyumbani, mnaikuta video imeshapoa. Nimewasikia.

Leo nimekuja nimewaka. Kuna kaka mmoja ameniandikia, ana miaka 42, hajawahi kuangalia anime hata moja. Anasema, "Mdogo wangu, vijana kazini kutwa ni anime, na mimi nataka kuingia, nianzie wapi?" Swali zuri kabisa. Sasa kabla hajanifikia mimi, alishawauliza hao vijana wa kazini. Wakamwambia aanze na One Piece.

Jamani! One Piece ilianza kurushwa Oktoba 1999. Episodi ya 1,000 imetoka Novemba 2021, na safari inaendelea. Mtu ana kazi, ana ada za watoto, ana mzee wa kumpeleka kliniki, halafu unamwambia akae chini aanze episodi zaidi ya elfu moja? Mwingine akamwambia Naruto. Naruto ukiziunganisha zote mbili, Naruto yenyewe na Naruto Shippuden, ni episodi 720. Nazipenda hizo, mnajua ninavyozipenda, ila huwezi kumkaribisha mgeni kwa kumbebesha gunia la mchele mlangoni.

Na urefu ni nusu tu ya tatizo. One Piece inatoka kwenye jarida linaloitwa Shonen Jump, na shonen ni mvulana. Wajapani wenyewe wanatenganisha: kuna shonen za wavulana, kuna seinen za wanaume watu wazima. Sisi huku tumelikusanya lote tukaliita katuni, ndiyo maana mtu mzima akipita sebuleni akaona mtoto wa kuchorwa anapiga kelele na nywele zimemsimama, anasema "zimeni hiyo, wekeni taarifa ya habari". Ana haki. Kile alichokiona hakikutengenezwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo kaka yangu, na wewe mwingine mwenye mama, mjomba, mume au bosi unayetaka kumwingiza, jibu langu ni moja. Monster. Hadithi ya Naoki Urasawa, ilitoka kama manga, hadithi za picha za kusoma, 1994 hadi 2001 kwenye Big Comic Original, jarida la watu wazima. Anime yake ikatengenezwa na studio ya Madhouse, 2004 hadi 2005, episodi 74. Mambo mengine ya namna hiyo mtayasoma wenyewe, mimi nataka niwaonyeshe kitu.

Subiri niweke. Hapa, episodi ya kwanza.

Mwaka ni 1986, mji ni Düsseldorf, Ujerumani Magharibi. Huyu hapa ni Kenzo Tenma, Mjapani, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kijana, mikono yake ni ya dhahabu, na mchumba wake Eva ni binti wa mkurugenzi wa hospitali. Usiku mmoja analetwa kibarua Mturuki ameumia. Tenma yuko tayari kumpasua. Inakuja amri kutoka juu: muache huyo, kuna mwimbaji maarufu wa opera, mpasue yeye. Tenma anatii. Mwimbaji anapona, magazeti yanaandika, watu wanapongezana. Yule kibarua anapasuliwa na daktari mwingine, anafariki.

Sasa tazameni hapa. Ukumbi wa hospitali. Mke wa yule Mturuki anamjia Tenma, ana mtoto wake, analia, anamwambia mume wangu ndiye aliyetangulia kuletwa.

Nasimamisha. Mtazameni huyu mama. Hana macho makubwa kama sahani, hana nywele za rangi ya waridi. Ana mashavu yaliyochoka. Ana pua! Nataka muangalie pua katika anime hii, nasema kweli. Anime nyingi pua ni kinukta tu. Urasawa anachora pua za watu: ndefu, bapa, iliyovunjika zamani, pua ya mzee, pua ya mlevi. Ukimtoa mtu mmoja katika episodi ya 5 ukamrudisha katika ya 40, utamjua kwa sura, kama unavyomjua jirani yako. Huyu mama tunamwona muda mfupi tu, lakini amechorwa kama mtu ambaye maisha yake yanaendelea ukishazima.

Na angalia Tenma anavyojibu. Hajibu kitu. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie.

Nilimwekea shangazi yangu kipande hiki. Shangazi ni muuguzi mstaafu, miaka 31 ya wodi na chumba cha upasuaji, na katuni kwake zilikuwa za wajukuu. Nilimwamkia, nikamwambia shangazi nipe dakika 20 tu. Akakubali huku anachambua mchele kwenye ungo. Tulipofika kwa huyu mama, mikono ikasimama. Akasema, "Rudisha nyuma, baba." Nikarudisha. Akaangalia tena mpaka mwisho, akaniambia, "Unaona? Huyu hadai pesa. Anadai zamu ya mumewe." Halafu akakaa kimya muda mrefu, akaanza kunisimulia usiku mmoja kazini kwake ambao sikuwahi kuusikia, na mimi ni mtoto wa kaka yake, nimelelewa nyumba hiyo. Yale alisimulia ni yake, siyaweki hapa. Nasema tu kwamba katuni ndiyo iliyomfungua.

Basi baada ya hapo, Eva, mchumba, anamwambia Tenma kwamba maisha ya watu hayalingani thamani. Anasema kirahisi tu, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Ndipo unakuja usiku wa pili. Familia imeshambuliwa, wamekimbia kutoka Ujerumani Mashariki. Baba na mama wameuawa, mtoto wa kiume ana risasi kichwani, pacha wake wa kike ameganda kwa mshtuko. Tenma yuko njiani kwenda kumpasua yule mtoto. Amri inakuja tena: meya ameletwa, muache mtoto, njoo kwa meya.

Safari hii Tenma anakataa. Anamwokoa mtoto. Meya anafariki.

Mtoto anaitwa Johan. Sisemi zaidi, ila jina la anime mnalijua, na lina maana yake. Kuanzia hapo swali linambana Tenma koo, na linakubana na wewe: alifanya jambo la haki kabisa, lile ambalo yule mama alilililia ukumbini, na ona kilichozaliwa. Hadithi inaruka miaka tisa, tunaingia 1995, ukuta wa Berlin umeshaanguka, na deni linaanza kudaiwa.

Kidogo hapo kwenye Ujerumani Mashariki, shangazi aliniuliza, "Ndio hawa waliokuja kusaidia kujenga zile nyumba za Kikwajuni na Kilimani, Unguja?" Nikamwambia ndio hao hao. Mtu mzima ana faida hiyo. Vijana mnahitaji kuelezwa kwamba Ujerumani zilikuwa mbili. Yeye alizisikia redioni. Na yule kibarua Mturuki hakuokotwa tu, Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba wa kuchukua wafanyakazi wa Uturuki mwaka 1961. Urasawa hakuchagua mtu wa kufa bila sababu.

Mwingine wa kumtazama ni Inspekta Lunge, mpelelezi. Oneni vidole vyake... hapo. Anaongea na shahidi, vidole vinacheza hewani kama anachapa kwenye kompyuta. Hakuna kompyuta. Anahifadhi kichwani kila neno analosikia. Tazameni tena mkono wa kulia. Shangazi alisema huyu angekuwa afisa wa usalama mtaani kwetu tungehama wote.

Sasa lugha, na hapa najua wakongwe mtanikasirikia. Siku zote nasema angalia kwa Kijapani na maandishi ya chini. Kwa mgeni mtu mzima, nimebadili mawazo. Mwekee sauti za Kiingereza kama anakisikia. Watu hawa ni Wajerumani! Kijapani si lugha yao, Kiingereza si lugha yao, hakuna kinachoharibika. Mtu anayevaa miwani ya kusomea, simu ya inchi sita, maandishi yanapita mbio, atachoka episodi ya pili na atasema anime haziangaliki. Akishanogewa, ya pili mwekee Kijapani.

Kasoro. Ipo moja nilikuja nimeiandika kwenye karatasi hapa: katikati inakwenda polepole. Baada ya episodi za mwanzo, Tenma anazunguka Ujerumani, na kila mji unasimama na watu wapya ambao unaweza usiwaone tena. Kuna mwanajeshi mstaafu, Bernhardt, anamfundisha Tenma kulenga shabaha. Anaishi na binti mdogo kutoka Burma, hacheki, hatabasamu, na mama wa binti huyo aliuawa na huyo huyo mwanajeshi. Ndiye anayemlea. Ukitaka kumfuata Johan tu, utasema hii ya nini?

Lakini ngoja. Nikiwa naongea hapa nafikiri, hiyo ndiyo episodi shangazi aliyoangalia mara mbili. Mimi nilikuwa nasukuma mbele nimfikie Johan, yeye aliniambia niache. Basi niifute hii. Ni polepole, ndiyo, ila kasoro siiiti tena. Kama wewe ni kijana una haraka, ndiyo itakukera. Mtu mzima anajua watu huwa wanakuja maishani mwako siku mbili wanaondoka, na wanakuachia kitu.

Mtaniuliza, mbona si Death Note? Ni 37 tu, na ni Madhouse hao hao. Kweli. Death Note ni tamu na inakamata haraka, na kama mtu wako hana subira kabisa mpe hiyo. Tatizo langu ni kwamba inaanza na mwanafunzi wa sekondari na zimwi linalokula matofaa, na mtu mzima mwenye shaka hapo hapo anapata sababu ya kuondoka. Na asiyependa mauaji, asiyetaka damu, mpe Mushishi, episodi 26 za 2005 na 2006, kila moja hadithi yake, anaweza kuangalia moja kwa mwezi. Hiyo nitaifanyia video yake peke yake, nawaahidi.

Gharama. Episodi 74, kila moja kama dakika 24, ni karibu saa 30. Netflix waliiweka 2023 katika baadhi ya nchi, kwa hiyo fungua uandike jina, uone kama kwako ipo. Wao wenyewe wanasema ubora wa chini hautumii zaidi ya GB 0.3 kwa saa, hivyo zote ni kama GB 9. Ubora wa kati ni GB 0.7, hiyo ni 21, bando litalia. Kwa simu ubora wa chini unatosha, picha ni za 2004, rangi zake ni za kijivu na kahawia, hupotezi kitu.

Na tafadhali, nasema hili kwa uzito: isichezwe sebuleni watoto wakiwepo. Kuna mauaji, kuna watu wanaojiua, kuna kituo cha watoto yatima ambacho yaliyofanyika ndani yake yatakukosesha usingizi. Kuchorwa hakuifanyi iwe ya watoto.

Jinsi ya kumwekea: episodi mbili za mwanzo, mfululizo, mkae wawili. Usimweleze. Usimwambie "subiri, hapa sasa!". Mimi nilifanya hivyo kwa rafiki yangu, nikamharibia yote, hakurudi. Weka, nyamaza, na kama ana kazi za mikono muache aendelee nazo.

Shangazi juzi saa tano usiku kanipigia, nikashtuka nikajua kuna msiba. Kumbe kafika ya 61, na bando limekwisha katikati. Nimemtumia.