Tahadhari: Sensa feki za krenki zinawasha gari dukani, zinalizima barabarani

Kama gari lako linazima ghafla likishapata moto, halafu likipoa linawaka kana kwamba halikuwa na kitu, soma hapa kabla hujatoa pesa ya sensa ya krenki, yaani kile kifaa kinachoiambia kompyuta ya injini kwamba krenki (mhimili mkuu wa injini) inazunguka. Kuna wauzaji, wa madukani na wa mtandaoni, wanaouza sensa feki au zilizotumika zikasafishwa, na ujanja wao mkubwa ni mmoja: "Funga hapa hapa, washa, likiwaka unalipa." Gari linawaka kweli. Unalipa, unaondoka, injini inafikia joto lake la kazi, inakata. Ukirudi unaambiwa spea ya umeme ikishafungwa hairudishwi.

Ujanja huo unafanikiwa kwa sababu ugonjwa wa sensa hii hujificha kwenye baridi. Sensa hizi kwa kawaida ni za nyaya mbili au tatu. Ile ya nyaya mbili kwa kawaida ndani yake ina sumaku na koili ya waya mwembamba mno. Waya ukiwa na ufa, au kiungio kikiwa kimelegea, ncha bado zinagusana injini ikiwa baridi na mawimbi ya umeme ya sensa yanapita. Joto likipanda, plastiki na gundi hutanuka, ncha zinaachana, kompyuta haioni tena krenki ikizunguka, nayo inakata cheche na mafuta papo hapo. Nusu saa baadaye imepoa, zimerudi kugusana. Sensa iliyojazwa gundi duni inaweza kuja na ugonjwa huu ikiwa mpya ndani ya boksi. Kwa hiyo kuwasha injini baridi mbele ya muuzaji hakuthibitishi chochote.

Na hasara hapa haiishii kwenye pesa. Injini ikikata gari likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito, na breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu tu kabla pedali haijawa ngumu kama jiwe.

Kwanza jiridhishe kwamba mgonjwa ni sensa kweli, maana wauzaji wengine wakisikia kodi P0335 tu (kodi ni namba ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta ya gari) tayari wanashusha boksi. Kodi hiyo inasema sakiti ya sensa ya krenki ina tatizo, na sakiti ni pamoja na nyaya na soketi. Chomeka mashine ya kusoma kodi, fungua ukurasa wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), piga stata. Injini inayozungushwa vizuri na stata huonyesha takribani 150 hadi 250. Stata ikizungusha huku namba imebaki sifuri, mawimbi hayafiki kwenye kompyuta. Katika magari mengi hata mshale wa RPM kwenye dashibodi hubaki umelala. Namba ikija vizuri na gari bado haliwaki, acha sensa, tafuta kwenye mafuta, cheche au taimingi. Ikija ndogo sana huku stata inajivuta, anza na betri.

Baada ya hapo chomoa soketi. Angalia kama kuna oili ndani, kutu ya kijani, au pini iliyorudi nyuma. Fuata waya wote kwa mkono mpaka mwisho, hasa unapopita karibu na ekzosi. Waya ulioungua sehemu ndogo hutoa dalili zilezile, na hakuna sensa mpya itakayouponya.

Sensa ya nyaya mbili ipime ukinzani wake (omu) kwa multimita, ile mita ya kupimia umeme. Kwa magari mengi usomaji huwa kati ya omu 200 na 2,000, na kiwango kamili cha gari lako kimo kwenye kitabu cha ufundi cha modeli hiyo. Kati ya kila pini na bodi ya chuma pasiwe na mawasiliano kabisa. Ile ya nyaya tatu mara nyingi ni ya Hall, yaani ina saketi ndogo ya elektroniki inayohisi sumaku badala ya koili, na hiyo usiipime omu: haikuambii kitu, na mita inaweza kuiharibu. Fungua swichi bila kupiga stata, hakikisha soketi inapata umeme, volti 5 au 12 kulingana na gari, na hasi iliyo safi, kisha tazama kama waya wa mawimbi unapanda na kushuka injini ikizungushwa. Angalizo: kuna za koili zenye waya wa tatu ambao ni wa kukinga mawimbi yasiingiliwe tu, hivyo tazama mchoro wa umeme kwanza.

Sasa kipimo ambacho muuzaji tapeli hapendi kukiona. Chukua draya ya nywele, unganisha multimita kwenye sensa ya nyaya mbili, ipashe taratibu mpaka karibu nyuzi 90. Waya wa shaba huongeza ukinzani takribani asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Sensa yenye omu 800 ikiwa nyuzi 25 inatakiwa kupanda polepole hadi kama omu 1,000, kisha kushuka vilevile ikipoa. Namba ikirukaruka, au mita ikisema waya umekatika, hiyo ni mzoga hata kama boksi lake linang'aa. Ikishuka wakati joto linapanda, nyaya za koili zinagusana ndani. Dakika kumi zinatosha, na kipimo hiki kinafanyika hapo hapo kaunta, sensa ikiwa haijafungwa.

Kwa macho, anza na sikio la kufungia bolti. Sensa ambayo haijawahi kufungwa haina alama ya duara iliyochimbwa na kichwa cha bolti. Ukiona duara hilo, hata hafifu chini ya rangi mpya, ilishakaa kwenye injini nyingine. Tazama pini: mikwaruzo ya kuchomekwa haifichiki. Ndani ya tundu la bolti sensa nyingi za plastiki zina pete ya chuma. Baadhi ya feki hazina pete hiyo, na plastiki inaweza kupasuka unapokaza. Namba ya spea iwe kwenye mwili wa sensa, isiwe kwenye karatasi ya boksi peke yake, na zifanane.

Kisha pima urefu kwa kalipa, kutoka usawa wa sikio hadi ncha, ukilinganisha na ya zamani. Usione uvivu hapa. Nafasi kati ya ncha na meno ya gurudumu la krenki (la ndani ya injini, linalosomwa na sensa) kwa kawaida ni milimita 0.5 hadi 1.5, kwa hiyo milimita moja ya makosa ni kubwa. Ikiwa fupi, mawimbi ni dhaifu wakati wa stata na gari litawaka siku betri imejaa tu. Ikiwa ndefu, meno yataikata.

Jihadhari pia na zile zinazoitwa "za magari yote", zinazokuja na nyaya za kuunganisha mwenyewe. Ukigeuza nyaya mbili, mawimbi yanapinduka, kompyuta inakosea mahali lilipo pengo la meno (magurudumu mengi ni ya meno 60 yaliyopunguzwa mawili, yakabaki 58), na unapata injini ngumu kuwaka, inayokosa cheche mara kwa mara, pengine na kodi P0336. Halafu usiombe "sensa ya spidi" kwa mkato. Utapewa ya spidi ya gari, ambayo mara nyingi hukaa kwenye giaboksi na kodi yake maarufu ni P0500. Taja krenki, taja namba ya spea.

Wakati wa kufunga, injini iwe imepoa na waya wa hasi wa betri umetolewa. Sensa ikigoma kutoka, izungushe kidogo kidogo kulia na kushoto. Ukiipiga nyundo ncha inabaki ndani. Futa unga wa chuma kwenye tundu, chungulia meno kama kuna lililopinda au kuvunjika, paka oringi oili kidogo. Bolti ya M6 inatosha Nm 8 hadi 10. Rudisha waya kwenye klipu zake zote. Futa kodi, na baadhi ya magari huhitaji kompyuta ijifunze upya gurudumu la meno kwa mashine ya kusoma kodi. Jaribio halali ni injini kufika joto kamili, feni ikakata na kuwaka mara mbili, ukazima na kuwasha tena ikiwa ya moto.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti namba ya spea na kwamba sensa itarudishwa ikishindwa kwenye joto. Akikataa kuandika, usinunue. Kama umeshauziwa, usiitupe: piga picha ya boksi, namba, sikio la bolti na pini, andika omu za baridi na za moto, mpelekee ushahidi huo, na uuweke hadharani chini ya tangazo lake ili anayefuata auone.