Seti ya Annexin V-FITC ya BD: inaonyesha seli zimekufa, haisemi zimekufaje

Kwa maabara inayopima ajuvanti za chanjo (viungo vinavyoongeza nguvu ya chanjo), seti hii ya kampuni ya BD, FITC Annexin V Apoptosis Detection Kit I, ya kutambua apoptosisi (kifo cha seli kilichopangwa), inastahili kununuliwa, ila isitegemewe peke yake. Ndani mna annexin V, protini inayoshika seli zinazokufa, yenye rangi ing'aayo ya FITC; propidiamu iodidi (PI), rangi inayoingia seli zenye utando uliochanika; na bufa (kimiminika cha kuchanganyia seli) iliyokolezwa mara 10.

Matumizi ni mepesi. Osha seli mara mbili kwa PBS baridi (maji ya chumvi yenye fosfeti), zichanganye na bufa iliyozimuliwa hadi zifike milioni 1 kwa mililita, kisha chukua mikrolita 100. Tia mikrolita 5 za annexin na 5 za PI, ziache dakika 15 gizani kwenye joto la chumba. Ongeza mikrolita 400 za bufa, usome kwenye saitometa (mashine inayosoma mwanga wa seli moja moja) ndani ya saa moja.

Majibu mengi mabovu hutokana na kalsiamu. Bila hiyo annexin haishiki fosfatidilserini (mafuta ya utando yanayojitokeza nje seli inapokufa), kwa hiyo mabaki ya EDTA (kemikali inayonasa kalsiamu), au kuosha kwa PBS baada ya kutia rangi, hufuta ishara hata kama seli zinakufa. Kukwangua seli nako huchana utando, PI ikaingia kwenye seli zilizokuwa hai. Mirija ya ulinganisho ni lazima: isiyo na rangi, yenye annexin pekee, yenye PI pekee.

Sasa udhaifu wake, ambao kwa watu wa chanjo ni mkubwa. Seli inayokufa kwa apoptosisi kwa kawaida huliwa na makrofaji (seli za kinga zinazomeza mabaki) bila kuzua uvimbe. Ikifa kwa pairoptosisi (kifo cha seli kinachozua uvimbe), protini ya gasdermini D hutoboa utando, IL-1β (ishara ya uvimbe) humwagika na kinga huamka. Kwenye grafu, pairoptosisi, nekroptosisi (kifo kingine kinachopasua seli) na apoptosisi iliyokomaa zote huangukia pembe ileile: annexin chanya, PI chanya.

Ndiyo maana sampuli zichukuliwe kwa saa tofauti baada ya kutia ajuvanti, mathalani ya 1, 2, 4 na 8. Apoptosisi hupitia kwanza hatua ya annexin chanya, PI hasi. Pima pia LDH (kimeng'enya kinachovuja seli inapopasuka) na IL-1β kwenye kimiminika kilicho juu ya seli, na uweke visima vyenye kizuizi cha kaspesi-1 (kimeng'enya kinachoanzisha pairoptosisi) na vingine vyenye nekrostatini-1 (kizuizi cha nekroptosisi). Ukipima QS-21, saponini iliyomo kwenye ajuvanti ya chanjo ya malaria RTS,S, anza na dozi ndogo, kwani ikizidi huyeyusha utando moja kwa moja. Makrofaji nazo ziamshwe kwanza kwa LPS (kipande cha utando wa bakteria), la sivyo hazitakuwa na akiba ya pro-IL-1β (IL-1β ambayo haijakamilika) na kipimo kitasoma karibu sifuri hata pairoptosisi ikiwepo.