Kliniki za bima yetu: Nyali zimejaa, Likoni hamna

Kliniki ambazo bima ya kazini kwetu hutupeleka zina matawi mengi Mombasa, lakini ukiyatazama kwenye ramani utaona kwamba karibu yote yamejipanga kuanzia katikati ya mji, kuvuka Daraja la Nyali, hadi Bamburi. Huduma yenyewe sina neno nayo. Madaktari ni wasikivu na majibu ya maabara hayacheleweshwi. Anayeumia ni mkaazi wa Likoni, ambaye hana hata tawi moja upande wake. Kivuko cha Kilindini ni cha mita mia chache tu, na kwa hesabu za kilomita tawi la kisiwani liko karibu naye, ila mwenye mtoto anayechemka kwa homa usiku hupima umbali kwa foleni ya feri, na kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu kunataka gari na mafuta. Changamwe kuna tawi dogo, nalo hufungwa saa kumi na moja jioni, wakati watu wa viwandani ndio kwanza wanatoka kazini (sijui aliyepanga saa hizo alimfikiria nani). Anayeishi Nyali ajiunge bila wasiwasi. Wa Likoni aulize kwanza kama bima itakubali hospitali nyingine upande wake wa kivuko.