XPPAUT: programu ya bure yenye sura ya kizamani inayoonyesha uvimbe unavyoiponyoka kinga ya mwili

Ukiifungua mara ya kwanza utadhani umerudi enzi za kompyuta zenye kichogo. Madirisha ya kijivu, herufi ndogondogo, menyu ya Kiingereza imejipanga kushoto kama foleni ya benki. Usiikimbie. XPPAUT ni programu ya kutatua milinganyo inayoeleza jinsi vitu vinavyobadilika kadiri muda unavyokwenda; imetengenezwa na Bard Ermentrout, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, na hailipiwi hata senti. Nasoma uzamili wa hisabati hapa Dar es Salaam, na kwa swali linalonikosesha usingizi, yaani ni wakati gani kinga huzidiwa na saratani, sijapata kifaa kinachonijibu haraka kuliko hiki.

Kuipakia kwenye Ubuntu ni amri moja tu. Kwenye Windows jiandae kidogo, kwa sababu inadai programu nyingine ya kuonyesha madirisha yake, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Ikishaingia haihitaji intaneti kabisa, kwa hiyo bando lako liko salama, na laptopu yangu ya mtumba haitoi hata jasho.

Niliijaribu kwa modeli ya Kuznetsov, Makalkin, Taylor na Perelson ya mwaka 1994, ambayo kila anayesomea mambo haya lazima akutane nayo. Waliilinganisha na takwimu za panya wenye limfoma (saratani ya chembe nyeupe za damu) aina ya BCL1 kwenye bandama. Ina milinganyo miwili tu, na uzuri wa XPPAUT ni kwamba unaiandika karibu kama ilivyo kwenye karatasi:

x' = sigma + rho*x*y/(eta+y) - mu*x*y - delta*x
y' = alpha*y*(1-beta*y) - x*y

x ni seli za kinga, y ni seli za saratani, zote zikihesabiwa kwa milioni, x' na y' ni kasi ya kubadilika kwake, herufi nyingine za Kigiriki ni namba unazozipanga mwenyewe, na uniti moja ya muda ni kama siku 9. Kipande cha kukitazama ni kile cha mu. Seli ya kinga inapomvaa adui, wakati mwingine yeye ndiye anayeangamia, wakati mwingine yenyewe ndiyo inayoishiwa nguvu. Mu inapima hasara hiyo ya pili, na thamani yake ya kawaida ni 0.00311.

Sasa lawama. Programu hii imewekewa ukomo wa 100: namba yoyote ikipita hapo, hesabu inasimama na onyo linatokea. Kwa modeli yetu ni balaa, kwa sababu uvimbe uliofanikiwa kutoroka hutulia kwenye 447. Mgeni ataona onyo hilo na kuanza kuhangaika na milinganyo yake ambayo haina kosa lolote. Dawa ni kuandika @ bound=1000 kwenye faili lenye milinganyo yako. Kwa nini mtu alazimike kulijua hilo kabla ya kuanza? Jambo hili peke yake limeipunguzia nyota moja, kwa hiyo kwangu ina nne kati ya tano.

Ukishavuka hapo, raha inaanza. Unachora x na y kwenye mchoro mmoja, moja mlalo na nyingine wima, kisha unabofya kwa kipanya mahali unapotaka mgonjwa wako aanzie. Nilibofya kwenye seli za kinga 0.3 na uvimbe wa 1. Uvimbe ukapanda mpaka karibu 90, kinga ikaamka, mstari ukaanza kujizungusha kuelekea 8.19 na kutulia hapo. Saratani haikufa, imelala tu. Nikarudia kwa kinga ileile 0.3 lakini uvimbe wa 100. Kinga ikainuka kivivu, ikafika 0.5 hivi, ikaanza kushuka, na uvimbe ukapanda moja kwa moja hadi 447.

Kati ya hatima hizo mbili kuna nukta ya tatu, kwenye 267.8, isiyotulia. Ukiiomba programu itafute nukta za msawazo, yaani mahali ambapo x na y hazibadiliki tena, ikifika kwenye hiyo itakuuliza kama ichore njia zinazoingia na kutoka. Jibu ndiyo. Mpaka unachorwa mbele ya macho yako: upande huu uvimbe unalala, upande ule unatoroka. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ningeandika mistari mingi ya msimbo kupata picha hiyohiyo.

Halafu kuna AUTO, sehemu ya ndani inayokuonyesha kinachotokea ukibadilisha mu polepole. Ina kiburi chake: usipoiongezea idadi ya nukta, mstari unakatikia njiani kabla haujafika kwenye uvimbe mkubwa. Ikikubali, inakupa mkunjo wenye kona mbili. Mu ikizidi takriban 0.0132, ile hali ya kulala inatoweka na uvimbe hauzuiliki tena. Kuirudisha mu kwenye 0.00311 hakuuponyi, kwa sababu uvimbe ulishahamia juu na unabaki hukohuko. Lazima uishushe mu chini ya takriban 0.00263 ndipo kinga iuteremshe. Dawa za kuzuia PD-1, ambayo ni kama breki iliyo kwenye seli za kinga, zilizotokana na kazi ya Tasuku Honjo aliyepata Nobeli pamoja na James Allison mwaka 2018, mimi nazisoma kama mkono unaoishusha mu. Ukinisikiliza, kurudisha kinga ilipokuwa awali huenda kusitoshe. Ni modeli ya panya, lakini swali hilo daktari wa binadamu naye analo.

Usiitegemee kwa kila kitu. Haijui uvimbe una umbo, wala kwamba seli za katikati zinakosa oksijeni huku za pembeni zikipigana. Kwa hayo nenda PhysiCell, programu inayoiga seli mojamoja, nayo ni ya bure, ila ujiandae na lugha ya C++. Seli zinazoficha alama zake ili zisitambuliwe pia hazimo humu, labda uziongezee mlinganyo wa tatu mwenyewe, ambao XPPAUT itaupokea bila kinyongo.

Picha inazitoa kwa PostScript, na mistari yake si ya kumpelekea msimamizi. Mimi huhifadhi namba zenyewe kutoka dirisha la data na kuzichora upya kwa Python.